Zabibu za Ulyankulu

Kwa kuwa kila anayepita kwangu siku hizi anamkuta mwanamke asiyemjua amekaa kibarazani anachambua mchicha, na kwa kuwa kila mmoja wenu ananivuta pembeni kuniuliza ni nani, nimeona niandike mara moja niwatumie wote. Anaitwa Jeneroza. Si mfanyakazi wangu wa ndani, wala si mdogo wangu wa upande wa baba kama Halima alivyotangaza mtaani. Nilikuja naye kutoka Ulyankulu, mkoani Tabora, na sikuwa nimekwenda kumfuata yeye. Nilikwenda kupeleka chupa.

Chupa yenyewe haizidi kidole gumba, na ndani yake mna matone machache ya maji yasiyo na rangi. Ni kingamwili. Najua nikianza kueleza mambo ya maabara huwa mnatazama simu zenu, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Mwanamke akishika mimba, kondo la nyuma hutoa homoni ambayo ni protini. Kingamwili hii ina kazi moja tu maishani mwake, nayo ni kuitambua homoni hiyo kwenye damu na kuing'ang'ania. Homoni ikiwa nyingi, kipimo kinatoa rangi ya njano iliyokolea. Isipokuwepo, rangi haitoki.

Kuna hospitali moja Tabora inayoitumia kuwafuatilia wanawake waliopata mimba zabibu. Hiyo ni mimba iliyokwenda kombo tangu mwanzo, ambapo badala ya mtoto tumbo la uzazi hujaa vishada vya malengelenge ya maji. Mwanamke akishasafishwa, homoni inatakiwa ishuke mpaka iishe. Ikishuka halafu ikapanda tena, huenda kuna mabaki yanayogeuka saratani. Saratani hiyo hupona vizuri ikiwahiwa, na huua ikicheleweshwa.

Chupa iliyotangulia maabara yetu iliituma kwa basi ikafika vuguvugu, haitambui kitu. Kwa hiyo niliambiwa hii niibebe mwenyewe. Joto lisizidi nyuzi nane, lisishuke chini ya mbili. Ikipata joto inaharibika, ikiganda inaharibika. Nina jamaa wa namna hiyo. Huko Tabora walikuwa wanaisubiri kwa sababu kwenye friza yao kulikuwa na mirija mitatu ya damu ya mwanamke mmoja, iliyochukuliwa kwa nyakati tatu, na walihitaji kujua wa tatu unasema nini. Jina lake nililisoma kwenye karatasi kabla sijamwona: Jeneroza, miaka ishirini na minne, Ulyankulu.

Dar es Salaam hadi Dodoma

Kipande hiki hakina habari. Treni ya umeme inakwenda kasi mno, huwezi hata kuanzisha ugomvi na jirani yako ukaumaliza. Nilikipakata kisanduku changu cha bluu, kile wanachobebea chanjo, nikafika Dodoma karanga zangu bado zimefungwa.

Lililotokea lilitokea kabla ya kupanda. Mlinzi wa mlangoni, baba mmoja mwenye kitambi, alikigonga kisanduku kwa kidole.

"Mama, humu mna nini?"

"Kingamwili."

"Ya nini?"

"Ya homoni ya mimba."

Akanitazama tumbo, akanitazama uso, akarudi tumboni. "Hongera sana," akasema, na akawaambia walio mbele yangu wanipishe. Wakanipisha. Nina miaka arobaini na saba, na sikuona sababu ya kumsahihisha mtu aliyenipa furaha yake bure.

Dodoma hadi Kigwa

Nililala Dodoma, alfajiri nikapanda treni ya zamani. Reli hii kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara, ile ya wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa na shanga, na ya watumwa ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda. Wao walitembea kwa miezi. Mimi nilikuwa na kiti cha dirishani na nilianza kulalamika kabla hatujafika Manyoni.

Mbele yangu alikaa mama mmoja muuza vitenge wa Mtendeni, pale Tabora mjini, aliyenitajia jina lake kabla sijauliza: Mama Chausiku. Miguuni alikuwa na beseni la zabibu nyeusi.

"Za Chausiku mwenyewe hizi," alisema. "Ana mimba ya miezi saba, hataki kingine. Na wewe daktari, umebeba nini?"

Kwa watu wengi, mwenye kisanduku cha bluu ni daktari, na nimechoka kubisha. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye jina.

"Mimba gani?"

"Mimba zabibu."

Akatazama beseni. Akalitazama muda mrefu.

"Ni jina tu mama," nikamwambia, "kwa sababu ya umbo. Zabibu za kula hazihusiki."

"Sawa," akasema, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha acha kusikiliza. Kisha akainuka na beseni lake, akaanza kugawa. Tulipofika Itigi, karibu behewa zima lilikuwa linatafuna zabibu, ila nilianza kuona utaratibu: aliwapa wanaume, na akawapa bibi wawili wa dirisha la nyuma. Wanawake wenye umri wa kuzaa aliwapita wote. Mmoja aliyenyoosha mkono alipigwa kofi dogo vidoleni.

"Mama Chausiku, nimekwambia zabibu hazina kosa lolote."

"Nimekusikia mdogo wangu. Lakini wewe ni mtu wa maabara, mimi ni mzazi."

Kishada cha mwisho, kikubwa kuliko vyote, alikiweka juu ya kisanduku changu. "Hiki chukua wewe," akasema. "Wewe umeshavuka huko." Kwa hiyo siku moja nilipongezwa kwa mimba na siku ya pili nikastaafishwa uzazi, na zote mbili na watu nisiowajua.

Saa sita na nusu mchana treni ikasimama Kigwa. Kutoka Kigwa hadi Tabora ni pua na mdomo, watu wakawa wameshaanza kushusha mizigo. Mvua ya jana yake ilikuwa imekula kokoto za reli mbele yetu na mafundi walikuwa wanazirudishia. Tuliambiwa bado kidogo. Saa nane tuliambiwa bado kidogo. Saa tisa tulishuka, tukala kuku na mahindi ya kuchemsha tuliyouziwa na akina mama wa pale, na wote waliotuuzia walituambia, kwa upole wa watu waliozoea, kwamba bado kidogo.

Barafu zangu zilikuwa za kunifikisha Tabora mchana. Kipimajoto kilisoma sita, kikasoma saba. Saa kumi, nikiwa nimerudi kitini, kilikaribia nane. Nilimfikiria yule mwanamke wa mirija mitatu. Ilikuwa mara ya kwanza namfikiria kama mtu na siyo kama sampuli, na sikupenda nilivyojisikia.

"Kwani inataka nini hiyo chupa?" akaniuliza Mama Chausiku.

"Baridi. Lakini siyo baridi sana."

"Ina maringo," akasema, akajifunga khanga kiunoni akaondoka. Alirudi na mama mwenye duka jirani na stesheni, ambaye ana friza na huwauzia abiria barafu za ubuyu, zile nyekundu za kwenye nailoni. Yule mama alikuwa na wazo zuri zaidi.

"Shikamoo dada. Lete chupa niitie ndani ya friza kabisa, hata ikikaa mpaka kesho itakuwa salama."

"Marahaba. Nashukuru, lakini ikiganda inakufa."

"Dawa ikiganda inakufa?" Aliwageukia wenzake wa kuku na mahindi waliokuwa wamemfuata, na wote wakanitazama mimi. Pale niliona wazi kwamba nikisogea kwenda msalani nitairudia chupa yangu ikiwa jiwe, kwa nia njema kabisa. Sikusogea.

Nikanunua barafu za ubuyu nikazipanga chini na kandokando. Lakini zilikuwa zimeganda kweli kweli, na chupa ikizigusa ingeganda nazo. Nilihitaji kitu cha kukaa katikati, laini, chenye maji, kisichopitisha baridi yote kwa mkupuo. Nilitafuta kwenye mkoba, nikatafuta mfukoni, halafu nikakiona kile kishada cha zabibu, nilichokishusha kitini nilipofungua kisanduku. Nikaiviringisha chupa kwenye leso, nikailaza katikati ya zabibu, nikafunga. Kipimajoto kikashuka saba, sita, kikatulia kwenye tano. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na mnajua ile ndoa iliishaje.

Kigwa hadi Tabora mjini

Tuliingia Tabora jioni, jua likiwa bado lipo. Mkuu wa maabara ya ile hospitali, Masanja, Msukuma mrefu anayecheka kwa mwili mzima, alikuja kunipokea stesheni na tukaenda moja kwa moja kwenye friji yake. Akafungua kisanduku. Harufu ya ubuyu ikatoka. Akatazama yale maji mekundu, akakinyanyua kishada kwa vidole viwili.

"Dada, umetuletea kingamwili au umetuletea sherehe?"

Chupa ilikuwa salama, ila karatasi yake ilikuwa imegeuka ya waridi. Zabibu akakataa kuziweka kwenye friji ya maabara, na alikuwa sahihi, chakula hakikai mle. Nikaondoka nazo kwenda nyumba ya wageni Kanyenye, wakanihifadhia jikoni kwao.

Asubuhi nilikunywa chai ya tangawizi na chapati mbili nilizopaka asali, na nawaambia ukweli, asali ya Tabora ikikuzoesha utaona zile za madukani kwetu ni maji ya sukari. Halafu tukaanza kazi.

Kwanza tulipima damu ambazo majibu yake tunayajua, ili kuona kama safari haikuiua chupa. Muda wa kungoja rangi itoke ni mfupi, lakini Masanja alitoka nje mara mbili. Rangi ikatoka pale ilipotakiwa, na haikutoka pale isipotakiwa. Nilikaa kwenye kigoda nikapumua.

Kisha mirija ya Jeneroza. Wa kwanza, uliochukuliwa mara tu baada ya kusafishwa, ulitoa njano nzito. Wa pili ulipauka, kama inavyotakiwa. Wa tatu, ambao muuguzi wa kule Ulyankulu alikwenda kuuchukua nyumbani kwake baada ya mwenyewe kuacha kuja kliniki, ulikuwa umekolea tena kuliko wa pili. Tulirudia. Ukakolea tena.

"Inapanda," nikasema.

"Inapanda," akasema Masanja, na hakucheka. "Na mama mkwe wake amemzuia asije. Anasema mtoto yumo."

Sasa hapa msinielewe vibaya. Yule mama mkwe angeweza kuwa sahihi. Homoni ya mabaki na homoni ya mtoto ni ileile. Kingamwili inazishika zote kwa mapenzi sawa. Inajua kiasi, haijui chanzo. Kusudi mambo yasichanganyike, daktari alikuwa amemwambia Jeneroza asishike mimba nyingine kwanza, na hatukujua kama alisikia. Kilichobaki ni kipimo cha picha ya tumbo, na kwa hicho lazima mwenyewe aje Tabora. Masanja alichukua funguo za gari. Mimi nilichukua kisanduku kwa ajili ya damu mpya, na nikachukua zile zabibu ziwe chakula chetu cha njiani.

Tabora hadi Ulyankulu

Hatukuzila. Barabara ilikuwa na matope na Masanja alihitaji mikono yote miwili na mimi nilihitaji yangu yote miwili kushikilia mlango. Tulikwama mara moja; tukasukumwa na waumini waliokuwa wanatoka kwenye mazoezi ya kwaya, wakaimba walipokuwa wakisukuma.

Ulyankulu ni nchi ya tumbaku, mahindi na watu ambao wazee wao walikimbia kutoka Burundi na wakabaki. Vijiji vimepangwa kwa barabara zenye namba, na nyumbani wanasema Kirundi. Tulimpitia yule muuguzi, Felista, akatuongoza.

Mama mkwe, Mama Silvesta, alitupokea uani. Mama mdogo wa umbo, amevaa rozari shingoni, mgongo umenyooka. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akatuwekea viti, na hakutaka kusikia lolote mpaka tumekula ugali wa muhogo na maharage. Jeneroza alituletea maji ya kunawa akapiga goti, akarudi ndani. Mumewe alikuwa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku; Felista alimpigia simu, na jibu lake lilikuwa, "Atakavyosema mama."

Felista akanitambulisha. "Mama, huyu dada ametoka Dar es Salaam. Ndiye aliyeileta ile kingamwili."

"Kinga ya mimba?"

"Hapana mama. Kingamwili."

"Ndiyo hiyohiyo." Hakupandisha sauti. "Mwanangu, umetoka mbali na nakuheshimu. Lakini sisi ni watu wa kanisa, kinga hatutumii. Tena kwa mimba ambayo imeshaingia!"

Ningependa kuwaambia kwamba alikosea kabisa. Lakini hospitali kweli ilikuwa imemwambia mkwewe asishike mimba, na mimi kweli nilikuwa nimeleta kitu chenye jina linaloanza na kinga. Nilijaribu kueleza. Aliingia ndani, akarudi na kitabu cha sala, akakifungua katikati. Ndani mlikuwa na kile kijiti cha kupimia mimba kwa mkojo, kimelazwa kama picha ya mtakatifu.

"Hesabu mistari," akaniambia.

"Miwili."

"Miwili maana yake nini, kwa kanuni yenu?"

Maana yake ni mimba, kwa kanuni yetu. Kijiti kile nacho kina kingamwili ndani yake, ndugu ya hii yangu, na haikudanganya: homoni ilikuwepo. Nilitoka Dar es Salaam na chupa moja kuja kushindwa hoja na kingamwili iliyofika kabla yangu.

"Na isitoshe," akaendelea, "wao wenyewe walimwandikia kwenye cheti. Mimba ya zabibu." Alilitaja hilo neno taratibu. "Mimi zabibu nazisikia kanisani tangu msichana. Divai ya altareni inatoka humo. Mungu amempa mkwe wangu mimba ya zabibu, na ninyi mnataka kuitoa. Kwa nini?"

Felista akainamisha kichwa. Masanja akatazama kuku. Mimi nikaelewa. Miezi yote ile watu wa hospitali walikuwa wanamtajia ugonjwa, naye alikuwa anasikia baraka, na hakuna aliyekuwa mjinga kati yao.

"Mama," nikamuuliza, "umewahi kuziona zabibu?"

"Nizionee wapi? Huku kwetu ni tumbaku."

Nikaenda kwenye gari nikakileta kishada. Alikipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu. Akakinusa. Akakigeuza. Nadhani alifurahi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa salamu kutoka kwa mtu aliyemsikia siku nyingi. Ndipo Jeneroza alipotokea mlangoni na sinia, akaona kilicho mikononi mwa mama mkwe wake, na sinia likamtoka.

"Ndivyo vilivyokuwa, mama," akasema.

"Nini?"

"Vilivyotoka. Siku ile hospitali, viliwekwa kwenye beseni nikaviona. Vilikuwa vishada hivyohivyo. Vyeupe. Niliona haya kukwambia."

Mama Silvesta alikitazama upya kile kishada. Alichuma zabibu moja, akaipasua kwa ukucha wa kidole gumba, akaitazama ndani. Kulikuwa na mbegu mbili.

"Hii ina mbegu," akasema.

"Zile hazikuwa na mbegu, mama. Zilikuwa na maji tu," akasema Jeneroza.

"Kwa hiyo hakukuwa na mtu."

"Hakukuwa na mtu."

Akanigeukia mimi. "Na sasa hivi?"

Nilitaka sana kumdanganya. Ningesema hakuna mtu, jambo lingekwisha, tungepanda gari. Lakini alikuwa ameniuliza vizuri. "Sijui, mama. Kipimo changu hakijui. Inawezekana kuna mtoto, na inawezekana ni mabaki ya zile. Picha ya Tabora ndiyo itasema. Kama ni mtoto, namrudisha mwenyewe mpaka hapa mlangoni. Kama ni mabaki tukangoja, utakosa mtoto na utamkosa na yeye."

Akaufuta ule ukucha kwenye khanga. Akamwambia Jeneroza maneno machache ya Kirundi bila kumtazama. Jeneroza akaingia ndani.

"Amesema nini?" nikamnong'oneza Felista.

"Amemwambia akavae viatu."

Kurudi

Picha haikuonyesha mtoto. Ilionyesha doa dogo ambalo halikutakiwa kuwepo. Daktari wa Tabora alitaka Jeneroza apelekwe hospitali ya rufaa kwa sindano za dawa, na mwenyewe Jeneroza alitaka aende mahali ambapo anamjua hata mtu mmoja. Aliponitazama nilijikuta nasema nina chumba. Ninyi mnanijua, chumba kile sijawahi kumpa hata shemeji yangu.

Treni ya kurudi haikusimama Kigwa hata dakika tano, sijui kwa nini. Jeneroza hakuwa msemaji. Tulipofika Dodoma wauzaji walinyanyua makapu ya zabibu mpaka dirishani, nikaharakisha kufunga kioo ili asizione. Akanizuia mkono. Akanunua kishada kimoja kwa hela yake, akazila moja moja, kila mbegu akiitema kiganjani. Alipomaliza alizifunga zile mbegu kwenye pindo la khanga. Zimo kwenye yale makopo manne yaliyopangwa kibarazani kwangu, mnayoyapiga teke mkija. Naomba muache.

Sindano zilimchosha. Kuna siku alitapika mpaka nikalia jikoni, jambo ambalo nitalikana mkiniuliza. Lakini damu yake nilikuwa naipima mwenyewe, na kila mara njano ilipungua, ikapungua, na Jumanne iliyopita kishimo chake, kile cha kutilia damu kwenye sahani ya kipimo, kilikuwa cheupe kama maji. Ataendelea kupimwa, Tabora, kwa Masanja, kwa muda mrefu tu. Anaondoka Jumamosi, kwa hiyo mwenye kutaka kumuaga ajue.

Siku ile nilipomwambia majibu, alishukuru, halafu akaomba kijiti cha mkojo. Nikamweleza kwamba kipimo changu ni makini kuliko kile. Akasema anajua, lakini mama anaamini kile. Tukapima. Tukangoja. Mstari ukawa mmoja. Akapiga simu nyumbani akaiweka mezani, sauti nje, ili nami nisikie.

"Mistari mingapi?" akauliza Mama Silvesta, hata salamu bado.

"Mmoja, mama."

Tulisikia kuku wa kule uani.

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Basi huo mmoja ni wewe," akasema. "Rudi nyumbani, mwanangu."